Gerishon Kuria Wambugu na Pumzi ya Kiende

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa Burat, wafanyakazi wenzake Baba, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi ya leo, tarehe 8 Juni 2024, mkaja kumsindikiza mzee wetu, nawasalimu, habari zenu, na kwa ndugu na dada zetu Waislamu walioketi upande ule wa hema, salaam aleikum. Mimi ni Wanjiru, kifungua mimba wake, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, historia ambayo kusema kweli aliiandika mwenyewe, kurasa nne kwa kalamu ya buluu, mwezi wa Aprili, wakati alikuwa hawezi tena kumeza ugali lakini bado aliweza kutusahihisha. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika na kupiga mstari chini yake, "Sehemu ya kazi isipunguzwe." Tumekaa na agizo hilo siku sita, na tumebishana, ndugu yangu Wambugu akisema wazi kwamba mambo mengine si ya kusomwa mbele ya watu, mimi nikiwa nusu huku nusu kule, mpaka Jumatano mama yetu alipofunga mjadala akasema, "Isomwe yote, aliandika akiwa na akili zake." Basi ninaisoma yote, nami nimeongeza mahali pachache ambapo yeye kwa ukali wake alijinyima haki.

Marehemu Gerishon Kuria Wambugu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, katika kijiji kimoja karibu na Karatina, akiwa mtoto wa tatu na mvulana wa pili wa marehemu Wambugu na marehemu Wanjiru, na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu mvulana wa pili hubeba jina la baba ya mama yake, ndiyo maana akaitwa Kuria. Mwaka wa 1968 babu aliihamisha familia hadi Isiolo, akafungua duka la mafuta ya taa, sukari, majani chai na kamba za kufungia ng'ombe, si mbali na soko la mifugo, na Baba akakua akipima kamba kwa mkono na kutaniana na wateja wa Kiborana, Kisomali na Kiturkana, kila mmoja kwa maneno machache ya lugha yake, mengi yakiwa ya kumsifu ng'ombe.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari huko Meru kuanzia 1976 hadi 1979, na mwaka wa 1981 akajiunga na chuo cha mafunzo ya tiba Nairobi, alikohitimu mwaka wa 1984 kwa diploma ya upigaji picha za eksirei. Alikuwa akituambia kwamba alitaka kazi ya hospitali lakini aliogopa damu, na eksirei ndiyo idara pekee ambapo mtu angeweza kumwona mgonjwa hadi ndani bila kumchanja. Alifanya kazi katika hospitali za serikali huko Embu, Maralal na Nanyuki kwa miaka ishirini na minne, hadi alipostaafu kwa hiari yake mwezi wa Desemba 2008.

Hapa Baba alitaka niendelee na kazi moja kwa moja, ndoa ifuate, lakini mimi nimeitanguliza ndoa, na sikumwomba ruhusa. Alikutana na mama yetu, Kagure, huko Nanyuki mwaka wa 1988, alipoletwa akiwa amevunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kisimani, na Mama husema huyu ndiye mwanamume pekee aliyeona mifupa yake kabla ya kumwuliza jina. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Desemba 1989, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka wa 1990, Wambugu mwaka wa 1993 na Wangui mwaka wa 1997, na wajukuu wanne ambao wote walijua kwamba kwa Guka, babu yao, huingii na viatu, kwa sababu lazima upimwe urefu kwanza, na urefu haupimwi na viatu. Nyumba hii mnayoiona nyuma yangu waliijenga mwaka wa 2011, na ndipo tulipoanza kuwa majirani wenu.

Sasa nafika mahali ambapo aliandika isipunguzwe. Mwezi wa Januari 2009 Baba alianza kazi katika kliniki ndogo ya binafsi hapa mjini, kliniki ambayo siku hizi haipo tena, yeye akiwa mpiga picha peke yake, akipiga mifupa iliyovunjwa na bodaboda asubuhi na vifua vya wakohozi mchana. Kuna herufi ndogo za madini ya risasi ambazo hubandikwa kwenye kaseti, kile kisanduku bapa cha kuwekea filamu, kabla ya kupiga picha, ili filamu yenyewe ionyeshe upi ni mkono wa kulia na upi ni wa kushoto, na herufi hizo zilipotea mwaka ule wa kwanza. Badala ya kuagiza nyingine, Baba akaanza kuandika alama ya kushoto kwa kalamu ya wino mzito baada ya filamu kukauka, upande ule alioona moyo umelalia, maana moyo wa binadamu hulalia kushoto, na katika maelfu ya vifua alivyokuwa amepiga alikuwa hajawahi kukutana na uliolalia kulia. Ameandika kwamba hakuwa wa kwanza kufanya hivyo katika kazi hiyo, na pia ameandika kwamba asitajwe mwingine.

Wakati huo hapa Burat kulikuwa na mtoto anaitwa Kiende, binti wa Gichunge, mkulima wa vitunguu, na mkewe Kinanu, Wameru waliokuja kulima huku kabla yetu. Kiende alizaliwa tarehe 11 Oktoba 2007 akiwa na shida ya kupumua, akawekewa oksijeni siku tano, na tangu arudi nyumbani hakuwahi kupitisha siku bila kukohoa makohozi wala mwezi bila masikio kutoa usaha, pua yake ikitiririka kiangazi na masika. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, miezi sita kila mara, ingawa hakuna aliyewahi kukipata kifua kikuu chenyewe katika makohozi yake, na shuleni alikalishwa dawati la peke yake. Alipigwa picha ya kifua katika kliniki ya Baba mara nne, mwaka wa 2010, 2011, 2013 na 2014, na mara zote nne Baba aliangalia moyo ulipo, akachukua kalamu, akaandika kwamba huku ni kushoto. Moyo wa Kiende uko kulia.

Jumanne tarehe 17 Machi 2015, Daktari Kagwiria, ambaye kaunti yetu ilikuwa imemwajiri kama daktari wa watoto na ambaye yuko nasi hapa, alimsikiliza Kiende kifua upande wa kushoto, akausikia moyo kwa mbali, akahamia kulia, akausikia karibu kabisa. Alizichukua zile picha nne zilizosema vingine, akatembea nazo hadi kliniki na jua lile la saa saba, akauliza, "Mzee, hizi picha ni nani aliandika?" Baba akajibu, "Ni mimi." Daktari akauliza, "Uliandika ukijua ama ukidhani?" Baba akajibu, "Nilidhani." Siku hiyo hiyo alimpiga Kiende picha ya tano, akiwa amembandikia sarafu kwa plasta kwenye bega la kulia ili kusiwe na kudhani, wakasimama wawili wakingoja filamu ikauke, na ilipokauka moyo na sarafu vilikuwa upande mmoja.

Kwa wale ambao hamjui ugonjwa wenyewe, ni hivi, kama Baba alivyozoea kuueleza. Ndani ya njia za hewa za kila mmoja wetu kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia makohozi na vumbi kuelekea juu mchana na usiku bila sisi kujua, na kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na vinywele ambavyo havifagii, kwa hivyo uchafu hukaa kifuani, huoza, na pole pole huharibu mapafu. Mtoto huupata ugonjwa huo pale tu baba na mama wote wawili wanapokuwa wameubeba bila kujua, kwa hivyo hakuna wa kunyooshewa kidole, na karibu nusu ya watoto hao moyo na ini lao hukaa upande usiozoeleka, jambo ambalo lenyewe halimuumizi mtoto lakini humnong'oneza daktari aangalie zaidi. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi kuwa mapya, dawa na mazoezi huyazuia tu yasiharibike zaidi, na ndiyo sababu mwaka mmoja wa kujua mapema ni kitu kikubwa. Baba alihesabu kwamba kalamu yake ilimnyima Kiende miaka mitano.

Majibu ya vipimo vya Nairobi yalithibitisha ugonjwa huo mwezi wa Julai mwaka huo, na Daktari Kagwiria akamweleza Kinanu kwamba picha za zamani zilikuwa zimewekwa alama vibaya, bila kusema na nani, kwa sababu Baba alimwomba amwachie aliseme mwenyewe. Halafu hakulisema. Ninalisoma hili kama alivyoliandika, "Nilikaa kimya miaka minne, na hakuna mtu aliyenilazimisha kukaa kimya."

Alichofanya katika kimya hicho ni kazi. Aliagiza herufi mpya za risasi wiki ile ile, kisha akafungua daftari la kliniki, akanakili majina ya watoto wote aliowahi kuwapiga picha ya kifua tangu 2009, wakawa mia mbili na kumi na wawili, na kwa kuwa picha zake zenyewe zilikuwa hazina ushahidi tena, akaanza kuwatafuta mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, yeye pamoja na muuguzi Halake, Halake akiendesha pikipiki na kusikiliza vifua, Baba akikaa nyuma na daftari. Ilichukua miezi kumi na tisa, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, na Halake aliniambia juzi kwamba Baba alikuwa abiria mbaya kuliko wote, kila kona anasema, "Pole pole Halake, daftari itaanguka," kamwe hasemi yeye ataanguka. Waliwapata wote isipokuwa kumi na mmoja waliokuwa wamehama, na huko Rapsu, kwenye mashamba ya mfereji, wakampata mtoto wa mama anayeitwa Dokata, mvulana wa miaka mitatu, anakohoa vile vile, na moyo uko kulia vile vile. Dokata yuko hapa leo, ametoka Rapsu alfajiri, asante mama.

Mwisho wa mwaka wa 2015 Baba aliacha ile kliniki ya picha, akajifunza kutumia mashine ya kupima pumzi, na kuanzia Februari 2016 hadi Novemba mwaka jana alikuwa akiwapima watoto kwenye kliniki ya kifua ya Daktari Kagwiria kila Alhamisi, awali kwa kujitolea na baadaye kwa mkataba mdogo. Kumpima mtoto pumzi si kama kumpima joto, maana mtoto lazima avute hewa hadi ajae, aitoe yote kwa nguvu kwa mara moja, na aendelee kuitoa hata anapoona imeisha, na mtoto akipuliza ovyo mashine itaandika ovyo na daktari atatibu ovyo. Baba, ambaye kanisani alikuwa haimbi hata pambio, siku ya Alhamisi alipiga kelele hadi waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakasikia, "Puliza, puliza, bado, bado, bado, usiachie, moto unazimika huo," kwa sababu aligundua kwamba mtoto wa huku, awe Mborana, Mturkana ama Mmeru, ameshapuliza jiko na anajua moto haungoji. Aliwavua viatu, aliwapima urefu, aliwakandamizia nywele za kusuka kwa rula, aliwafundisha mama zao kugonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa asubuhi na jioni, akawaambia waruke kamba na wacheze mpira hata wakikohoa, na mwaka wa 2017 alisimama kwenye paredi ya shule ya Kiende akawaambia walimu na wanafunzi kwamba kikohozi kile hakiambukizi mtu, na dawati la peke yake likaondolewa.

Alhamisi tarehe 4 Februari 2016, Kiende akiwa na miaka minane, alipuliza kwa mara ya kwanza, na mashine ikaandika hamsini na nane, maana yake ni kwamba kati ya mia inayotarajiwa kwa mtoto wa umri na urefu wake, yeye alikuwa na hamsini na nane. Kinanu aliuliza, "Ni nzuri?" Baba akamwambia, "Tutailinda." Kuanzia siku hiyo Kinanu alimletea Baba kitu kila Alhamisi, ndizi, vitunguu, siku nyingine kuku mzima, akiwaambia watu wa foleni kwamba huyu mzee ndiye anamshughulikia mtoto wake kama wake wa kumzaa, na Baba alivipokea, akavileta nyumbani, na hakuvila. Sisi tulivila. Mama alimwuliza mara nyingi vitunguu vya Burat vimemkosea nini, na yeye alikuwa akisema tumbo.

Kiende ana ndugu yake mdogo, Jasper, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 2013 na ugonjwa ule ule, ila moyo wake uko kushoto kama wa watu wengi, kwa hivyo asingeweza kujulikana kwa picha, alijulikana kwa sababu dada yake alijulikana, na alianza kutunzwa akiwa na miaka miwili tu. Alhamisi tarehe 7 Machi 2019 Jasper alifikisha umri wa kuweza kupuliza vizuri, akapuliza mara tatu, na mashine ikaandika tisini na moja. Dada yake akapuliza baada yake, hamsini na nane, ile ile. Kinanu akafurahi sana akapiga makofi, na Baba akafanya hesabu, tisini na moja ukitoa hamsini na nane, na jioni hiyo mezani, mbele ya Mama, alisukuma sahani akasema, "Thelathini na tatu ni zangu." Mama hakumwelewa mpaka alipomweleza yote tangu kalamu, na ndiyo mara ya kwanza familia hii kusikia.

Daktari Kagwiria alimwambia tena na tena, na ameniomba niwaambie leo, kwamba hesabu hiyo si halali, kwamba watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja na mapafu tofauti, kwamba wapo waliogunduliwa wachanga na bado pumzi zao zikapungua, na kwamba hakuna anayeweza kusema Kiende angekuwa na ngapi. Baba alimsikiliza kwa heshima yote na hakupunguza hata moja.

Jumamosi tarehe 23 Machi 2019 alikwenda kwa Gichunge, hapo ng'ambo ya mfereji, akiwa na Mama na wazee wawili wa kanisa, wakakaribishwa chai, na kabla chai haijamiminwa akasimama akasema ni yeye aliyeandika zile picha nne, na kwamba amejua kwa miaka minne na amekuwa akila vitunguu vyao, ingawa hapo alijisingizia. Gichunge aliinuka akachukua jembe akaenda shambani, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka. Kinanu alibaki ameshika birika, akawamiminia chai wote wanne, akaketi, wakainywa, na Mama anasema hajawahi kunywa chai ndefu kama ile.

Alhamisi nne zilipita bila watoto hao kuonekana kliniki, na katika hizo nne Baba alipungua mwili tukamwona, maana sasa kile alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimekuja, si kwamba wamemkasirikia, ila kwamba kwa hasira hiyo Kiende angepoteza hata alichobaki nacho. Alhamisi ya tano Kinanu aliingia na watoto wote wawili, akawavua viatu mwenyewe, akasema, "Baba yao hataki kukuona, na mimi sijui kama nataka. Sikuja kwako mzee, nimekuja kwa mashine." Baba akasema, "Mashine iko tayari, Mama Kiende," na akapiga kelele zake za moto unazimika kama kawaida, na Jasper akacheka. Kuanzia hapo Gichunge ndiye alikuwa akiwaleta kwa pikipiki, akiwashusha langoni na kuwangoja nje, akiwa ameipa kliniki mgongo, kwa miaka minne na nusu.

Mwaka wa 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, kupuliza mashine kulikatazwa kwa miezi mingi, na Baba akawa anawapigia simu kila Alhamisi, mtoto anavuta pumzi moja na kuhesabu kwa sauti hadi iishe, na yeye anaandika alipofikia. Kiende, aliyekuwa darasa la sita na mjanja, akaanza kuhesabu mbio mbio kwa Sheng apate nyingi, na tulimsikia Baba sebuleni akimwambia, "Wewe msichana, rudia, hesabu na saa ya ukutani," na upande wa pili tukasikia kicheko, halafu kikohozi, halafu moja, mbili, tatu, kwa mwendo wa saa. Alifika kumi na tisa, mwezi uliofuata kumi na tisa, na Baba alituambia chakula cha jioni kiwe kizuri.

Mwezi wa Novemba 2023 Baba alianza kukwama na chakula, na baada ya vipimo Meru akaambiwa ana saratani ya koo, akatibiwa kwa miale kuanzia Januari, akawa na nafuu kidogo mwezi wa Machi, kisha ikarudi kwa kasi. Siku moja ya mwezi wa Mei, tukiwa tumemtoa nje apate hewa, Gichunge aliingia langoni, akavuta kiti, akaketi karibu naye kwa muda wa saa nzima, na waliyoyaongea tuliyasikia yote, ilikuwa zamu ya maji ya mfereji, na bomba la nani limepasuka, na kama mvua ya mwaka huu imeharibu vitunguu. Alipoondoka alimshika Baba mkono. Jioni hiyo Baba aliomba supu, na alisema iwe na vitunguu.

Alhamisi tarehe 30 Mei 2024 Halake alimpigia Mama simu kutoka kliniki, kama Baba alivyokuwa amemwagiza, akasema Kiende amepuliza mara tatu bila kudanganya na mashine imeandika hamsini na saba. Miaka minane, na imepungua moja tu. Mama alimwambia Baba sikioni, akafungua macho, akainua kidole kimoja, nasi hatujui kama alikuwa anaisikitikia hiyo moja ama anatuambia ni moja tu. Marehemu alitutoka Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake hapa Burat, Mama akiwa amemshika miguu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Meru na wa hapa Isiolo, Daktari Kagwiria kwa ukali wake na kwa uvumilivu wake, Halake kwa pikipiki na kwa kila Alhamisi, wazee wa kanisa waliokunywa ile chai, akina mama wa kliniki ya kifua ambao wamepika tangu jana, na majirani wa ng'ambo ya mfereji, ambao vijana waliokuwa wakichimba kaburi jana walisema mmoja wao alifika wa kwanza na jembe lake na akaondoka wa mwisho, na hakutaka jina lake lisomwe, kwa hivyo silisomi.

Kwa kuwa mambo haya ni ya Kiende kuliko yalivyo yetu, juzi Alhamisi tulimpelekea kurasa hizi, tukamwambia akisema tusisome hatutasoma. Amefikisha miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, na yuko pale mstari wa tatu karibu na mama yake. Alizisoma zote akiwa amesimama, akaomba kalamu, na chini kabisa, chini ya sahihi ya Baba, akaandika maneno yafuatayo, nami nayasoma yalivyo. "Mimi ni Kiende. Mzee amehesabu zile zilipotea tu. Hizi hamsini na saba niko nazo, na nimeangalia kurasa zote nne, hakuna mahali amesema ni za nani. Ziandikwe pia kwake."

Tumeziandika, Baba. Weka kalamu chini, na upumzike kwa amani.